Kengele kwa Orrin Tveit

Kengele ililia mara moja nyuma ya mlango uliofungwa, mlio wake ukaachwa ufe wenyewe, kisha sauti ya mwanamke ikasoma jina. Ikalia tena, jina jingine. Nilikuwa kwenye korido ya hoteli nikikung'uta theluji kwenye buti zangu. Ilipolia mara ya sita, yule mwanamke akasema, "Orrin Tveit."

Orrin Tveit ni mimi.

Nilisimama na mguu mmoja juu nikangoja. Nilidhani kitu kitakuja, hasira, au kicheko, au hata hofu. Watu kama mia nne walinyamaza pamoja upande wa pili wa mlango, na kwangu hakikuja kitu. Nikaushusha mguu, nikakung'uta wa pili.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Machi, mjini Duluth, na ziwa lilikuwa bado limeganda. Kongamano la Barafu hufanyika hapo kila mwaka, siku tatu, hoteli ileile, kwa watu wanaopenda hadithi za anga na za nyakati zijazo. Siku ya ufunguzi husoma majina ya wenzao waliofariki mwaka huo, na kila jina hupigiwa kengele ya shaba iliyovuliwa kwenye meli kuukuu ya madini. Nilikuwa nimesoma habari za kengele hiyo mara nyingi. Sikuwahi kuisikia, kwa sababu sikuwahi kuhudhuria. Watu hawa walinijua kwa maandishi tu.

Tulikuwa na kitu tukikiita Barua ya Mzunguko. Wanachama arobaini, kila mmoja anaandika kurasa zake nyumbani, hadithi au mabishano au mashairi, anazituma kwa mama mmoja anayeitwa Solveig Aamodt. Naye hunakili zote, huzishona pamoja, na kumrudishia kila mtu kitabu kizima kila baada ya wiki sita, nacho hupitishwa mkono kwa mkono hadi kongamanoni. Amefanya hivyo miaka arobaini. Mimi nilijiunga nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikaanza kutuma shairi refu la chombo kinachosafiri miaka mia tatu kwenda kwenye nyota nyingine, vizazi vikizaliwa na kuzikwa humo ndani. Hakuna aliyenifundisha kutunga. Nilihesabu mizani kwa vidole nikiwa kazini kwenye duka la matairi, na mtu akinikosoa nilimjibu kurasa tatu. Nilikuwa nimefika sehemu ya kumi na mbili.

Kisha Oktoba baba yangu akafariki, na tangu siku hiyo sikuandika hata mstari. Bahasha moja ya Solveig ilikuja baadaye, kisha zikakoma. Niliiweka juu ya jokofu bila kuifungua, wala sikujiuliza kwa nini nyingine haiji. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikala kilichokuwa kwenye kopo. Sikulia mazishini wala baadaye, na watu wakasema mimi ni imara kama yeye. Sikuwa imara. Ni kama mkono ukilaliwa usiku: unauona ni wako, unauinua kwa mkono mwingine, hauna habari.

Mfukoni nilikuwa na karatasi yenye sentensi moja: Naomba jina langu litolewe kwenye orodha ya wanachama. Ningeweza kuituma, lakini nilikuwa bado na kiburi cha kutosha kujua kwamba kuacha kwa posta ni woga. Niliendesha saa moja na nusu kwenye barafu ili nimkabidhi Solveig mkononi. Na sasa walikuwa wamelitoa jina langu wao wenyewe, kwa kengele. Kazi yangu ilikuwa imefanywa.

Mwaka uliopita mlango ule ningeufungua kwa teke. Badala yake nilikwenda kwenye meza ya kujiandikisha.

"Jina?" akauliza binti aliyevaa masikio ya mbweha. Nikakawia. "Si lazima liwe la kweli, kaka. Asubuhi nimemwandikia mtu mzima 'Jokofu.'"

"Andika Mgeni."

Akaandika, akabandika chini ya beji utepe wa njano wenye maneno MARA YA KWANZA. "Karibu nyumbani, Mgeni," akasema, kama anavyowaambia wote.

*

Utepe ule ulikuwa kosa. Kila aliyeuona alinisalimu. Jioni hiyo, katika jopo la kwanza nililoingia, jitu moja lilijaza kiti cha pembeni yangu. Tepe za beji yake, za rangi zote, zilishuka zikapita goti.

"Mara ya kwanza!" akanong'ona kwa sauti ya kusikika safu tatu. "Kubacki. Fundi wa lifti, mtunzi wa nyimbo, na mfungua makopo wa dharura. Umekula?"

"Bado."

"Sheria za hapa ni tatu, kijana. Saa tano za usingizi, milo miwili, kuoga mara moja. Kwa siku, lakini. Kuna watu wanadhani ni kwa kongamano zima." Akamtazama jamaa wa mbele yetu. "Sitaji jina, Walt."

"Nimeoga," Walt akasema bila kugeuka.

"Lini?"

Jina la Kubacki nililijua vizuri. Miaka mitatu tulikuwa tukitukanana kwenye Barua ya Mzunguko. Nikamtazama, uso mpana, ndevu zenye makombo, na nikashangaa kidogo tu, kama mtu anayemwona mbwa wa jirani mtaa wa mbali.

Jopo lilihusu chakula cha watu watakaosafiri miaka mia tatu angani. Muuguzi mstaafu alitetea uyoga, na mwanakemia akasema uyoga utawapa watu wazimu kufikia mwaka wa nane. Mzee mmoja akapewa kipaza sauti na kuanza, "Hili si swali hasa, ni maelezo," na ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja, kwa furaha, kama waumini wanaoitikia. Niliguna nao ili nisionekane.

Jumamosi niliingia kila kitu. Jopo la haki za mashine. Jopo la theluji ya Mars, ambapo mhandisi alitueleza kuwa ni hewa iliyoganda, na nikajikuta nikiwaza nani ataisukuma barabarani. Baba aliendesha gari la kusukuma theluji la wilaya miaka thelathini na moja. Niliwaza hivyo bila uchungu, nikatoka, nikala supu ya mchele mwitu katika chumba cha wageni wote, iliyokuwa ikitokota kwenye vyungu vinne vya umeme. Nikatazama gwaride la mavazi. Mwanamke alipita amevaa sayari nzima, na pete zake zikakwama mlangoni. Watu wanne waliobeba mikasi na gundi wakamrukia, wakamtoa, na ukumbi ukapiga makofi mpaka viti vikatikisika. Nilipiga makofi. Mikono ilifanya kazi vizuri.

Saa tisa alasiri Kubacki akanikamata kwenye ngazi.

"Mgeni, unapenda nyimbo? Njoo. Tuna kazi ya heshima."

Katika chumba kidogo viti vilipangwa mduara. Watu kumi na tano hivi, magitaa matatu, kinanda kimoja cha kukunja. Kiti kimoja kilikuwa kitupu, na mgongoni kilitundikwa beji: ORRIN TVEIT. Ndiyo beji niliyojiandikishia kwa posta mwaka mmoja kabla, nilipokuwa bado nakusudia kuja. Nafasi pekee iliyobaki ilikuwa pembeni yake. Nikakaa karibu na mimi.

"Huyu kijana wetu," Kubacki akaniambia akigusa kiti, "alifariki vuli iliyopita. Kaacha shairi la chombo, halina mwisho. Wosia wake ni kwamba limalizwe. Nimepewa mimi kazi, ila akijua atafufuka anipige."

Watu wakacheka kwa upole.

"Wosia?" nikauliza.

"Alimwandikia Solveig. Kesho atatusomea." Akaweka gitaa pajani. "Tutaiimba kesho kwenye kufunga. Nisikilizeni, mseme kweli."

Sikumwandikia Solveig wosia wowote. Nikatafuta ndani yangu mahali pa kuuliza zaidi, nikapakuta pamefungwa.

Akaimba sehemu ya kumi na tatu. Katika sehemu hiyo chombo kinafika. Jua jipya linachomoza, watoto wanakimbia kwenye nyasi za rangi ya zambarau, na nahodha, ambaye nilikuwa nimemzeesha tangu sehemu ya tano, anashuka ngazi akiwa na fimbo na kubusu ardhi. Mimi nilikusudia nahodha afe miaka arobaini kabla ya kufika, bila kuona kitu, na chombo kiendelee. Waliokaa mbele yangu walikuwa wakifuta macho.

Hapo ndipo hasira ilipaswa kuja. Niliwahi kumnyima mtu usingizi wiki mbili kwa sababu ya koma moja aliyoikosea. Nikaingoja kama mtu anayesubiri basi kwenye njia iliyofutwa.

"Mgeni?" Kubacki akauliza. "Unasemaje?"

"Ubeti wa pili, mstari wa tatu, umezidi mizani mbili," nikasema. Maneno yalitoka yenyewe.

Akahesabu kwa vidole. Uso ukamshuka. "Mungu wangu, kweli. Wewe ni mtunzi?"

"Hapana."

"Yeye angeniua kwa hilo. Alikuwa moto, huyu. Aliwahi kuniandikia kwamba shairi langu ni gari la matairi matatu, na hilo la nne nimelivaa kiunoni." Akalipiga tumbo lake kofi, akacheka hadi akakohoa. "Nimeibandika kwenye friji. Mke wangu anaipenda kuliko picha ya harusi."

*

Jumapili saa tano asubuhi, katika ratiba, kulikuwa na kipindi kilichoitwa "Kumkumbuka Orrin Tveit." Niliketi safu ya nyuma. Mbele aliketi Kubacki na mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, sweta lake limetiwa viraka vya ngozi viwikoni. Nilimjua kabla hajasema. Mkono wake ulitulia juu ya bahasha kama mkono wa mtu aliyeshika bahasha maisha yake yote.

"Sikuwahi kumwona," Solveig akaanza, na ilikuwa ile sauti iliyosoma majina ya kengele. "Katika miaka arobaini nimewazika wengi ambao sikuwahi kuwaona. Huyu aliandika kana kwamba nyumba inaungua. Septemba nilipata hii. Nilijua basi tena, na mwezi uliofuata tangazo likatoka gazetini."

Akavaa miwani, akasoma.

"Bi Aamodt. Daktari amesema wiki chache, sitaweza kuandika tena. Shairi la chombo lisiachwe njiani. Limefika sehemu ya kumi na mbili na ni zuri. Tafadhali angalieni limalizwe. Kosa moja. Sehemu ya nne, dereva anapopita kwenye vumbi la barafu anatazama mbele. Hapana. Mbele hakuna kitu. Hutazamwa nguzo za pembeni. Rekebisheni. Asante kwa bahasha zote. Orrin Tveit."

Akaikunja. Mtu akapenga kamasi.

Kwetu nyumbani, nakala za Barua ya Mzunguko zilikaa juu ya meza ya jikoni. Kila nakala ilikuwa na duara la kahawa kwenye jalada, na ndani pia, ukurasa baada ya ukurasa. Nilimfokea baba mara nyingi: hivi vitabu si vya kuwekea kikombe. Alisema, "Haya." Kesho yake duara jingine. Miaka minne nilidhani anawekea kikombe.

Mkono wangu ulikuwa juu. Sikumbuki kuuinua.

"Mgeni wetu," Kubacki akasema. "Swali au maelezo?"

Wakacheka.

"Swali. Naweza kuiona hiyo barua?"

Solveig akanitazama juu ya miwani. "Mikono safi?"

"Safi."

Nikaenda mbele. Karatasi ilikuwa ya daftari la kumbukumbu za gari la wilaya, lenye mistari ya kujazia maili na chumvi iliyomwagwa barabarani. Herufi zote zilikuwa kubwa, zimesimama wima, zimekandamizwa hadi upande wa pili. Herufi hizo ziko kwenye makopo ya gereji yetu: NATI, MISUMARI, WAYA, na kopo moja la vitu asivyovitambua, lililoandikwa SIJUI.

"Hii imeandikwa na baba yangu," nikasema.

Solveig hakuelewa. "Tveit alikuwa na mtoto?"

"Mmoja. Akampa jina lake zima."

Kubacki akainua kidole taratibu, kama anayepima upepo. "Ngoja. Ngoja kwanza. Basi aliyekuwa anatuandikia..."

"Mimi."

"Gari la matairi matatu?"

"Mimi."

"Mshenzi wewe," akasema Kubacki, polepole, na machozi yakaanza kuingia kwenye ndevu. "Nilikulilia kazini. Watu wamekwama ghorofa ya nne, wanapiga kengele ya dharura, na mimi niko juu ya lifti yao nakulilia wewe. Na jana umekaa hapo, karibu na kiti chako, ukanihesabia mizani!"

"Zilikuwa zimezidi kweli," mtu akasema nyuma.

"Nyamaza, Walt!"

Kicheko kilipasuka, cha watu ambao hawajui wafanye nini kingine. Solveig hakucheka.

"Umekosa zamu nne," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Bila taarifa."

"Ndiyo, mama."

"Nimekupigia kengele mbele ya watu mia nne."

"Nilisikia. Nilikuwa mlangoni."

"Na ukanyamaza siku mbili?"

"Ilikuwa rahisi," nikasema. Ndiyo ilikuwa kweli yote.

Nikatoa karatasi mfukoni nikampa. Akaisoma ile sentensi moja, akaigeuza kuona kama kuna nyingine, akanirudishia.

"Lilishatolewa," akasema. "Sasa unataka nini?"

"Sijui."

Akavua miwani akaikunja. Nikasubiri anihurumie, kama wote tangu Oktoba. "Baba yako atasomwa leo kwenye kufunga," akasema.

"Hakuwa mwenzenu. Hakuwahi kusoma hadithi ya anga maishani."

"Amesoma sehemu kumi na mbili na akatuma marekebisho." Akakusanya vitu vyake. "Nina wanachama wa miaka ishirini ambao hawajafanya hivyo."

*

Saa tisa ukumbi mkubwa ulijaa watu waliochoka, nusu yao wamekwisha funga mizigo. Habari ilikuwa imesambaa. Watu walinigeukia, wengine wakinigusa bega kupima kama nipo. Solveig akapanda jukwaani.

"Ijumaa tulikosea," akasema kwenye kipaza sauti. "Kosa ni langu. Nilimpigia kengele mtu asiyehusika, yule pale nyuma mwenye utepe wa njano, ambaye pia ana la kujibu. Sasa tunampigia anayehusika." Akasogea kwenye kengele. "Orrin Tveit. Dereva wa gari la theluji. Msomaji."

Akavuta kamba. Shaba ikalia mara moja.

Jina lilelile, kengele ileile, na safari hii nilikuwa ndani. Nilisimama nikausikiliza mlio hadi mwisho, ambao ni mrefu kuliko unavyodhani ukiwa koridoni. Sikulia. Ila vidole vya mkono wa kushoto vilianza kuwasha, kama vidole vinapotolewa kwenye glavu baridi na kuwekwa karibu na jiko, na haikuwa raha.

Kubacki akaja na gitaa shingoni. "Ukisema nisiimbe, siimbi," akaninong'oneza. "Ni lako. Nitasema nimepotewa na sauti."

"Umerekebisha mstari wa tatu?"

"Usiku kucha."

"Basi imba. Chombo chako kimefika. Kiache kifike."

"Na chako?"

Nikamsukuma bega kuelekea jukwaani. Akapanda, akaimba, na mizani zilikaa. Nahodha alishuka ngazi akabusu ardhi, na ukumbi wote ukaitikia kibwagizo, kibwagizo changu cha sehemu ya kwanza, watu mia nne ambao sikujua kuwa wanakijua kwa moyo.

Solveig alikuwa chini ya jukwaa, anaifunga kengele kwenye blanketi. Nikaenda nikamshikia ncha moja. Alipomaliza, akatoa beji yangu ya zamani kwenye mfuko wa sweta na kuishika bila kunipa.

"Zamu ijayo ni tarehe kumi na mbili Mei," akasema. "Kurasa zikifika tarehe kumi na tatu, nazirudisha. Sijali nani kafa."

"Kwangu nahodha hafiki," nikasema. "Anafia njiani."

"Hilo ni kati yako na nahodha wako."

Akanyoosha beji. Nikaichukua kwa mkono ule unaowasha.

"Tarehe kumi na mbili Mei," nikamwambia, kwa sauti kubwa hata Walt, aliyekuwa anakunja viti, akageuka. "Sehemu ya kumi na tatu itakuwa mezani kwako, mama. Na sehemu ya nne nitaiandika upya, dereva atazame nguzo. Nakuahidi."